Wajina wa Bunda

Mwaka ule wa themanini na tatu, sabuni ilipokuwa adimu kuliko nyama, mtu wa Musoma aliyepita na shati jeupe kupita kiasi alitazamwa kwa jicho la pembeni. Serikali ilikuwa imetangaza vita na walanguzi. Wenye mali za magendo walizitumbukiza ziwani, wengine chooni, wengine wakazichimbia mashimo na kupanda mihogo juu yake. Katika hekaheka yote hiyo Mwanaupe, mke wa fundi cherehani wa Mwisenge, alikuwa akilala usingizi wake mzima. Kwake kulikuwa na nini cha kutupa? Mumewe hakuwa na hata uzi wa kutosha. Kazi iliyobaki ilikuwa kufumua kola zilizochakaa na kuzigeuza upande wa pili, basi.

Alikuwa amesahau makasha matatu chini ya kitanda.

Yaliletwa na lori kutoka Bunda miezi miwili nyuma, yamefungwa kamba za katani, na juu ya kila moja pameandikwa kwa wino mweusi: OMARI HAMDUNI. Hilo ni jina la mumewe. Ni jina pia la mtu aliyeyaleta, mfanyabiashara mwenye duka kubwa Bunda. Wale wawili waliitana wajina, na kwa watu wale wajina ni wewe mwenyewe uliyehamia mji mwingine. Akija anapewa kitanda chako. Anamwita mkeo mke wangu, na mkeo anamsimanga mbele za watu kwamba matumizi haleti. Akiacha mzigo humuulizi, na kamba yake huigusi, maana ukiifungua umemvunjia heshima.

"Mke wangu," alisema yule wa Bunda siku ile, huku anakunywa chai, "haya si yangu wala si ya huyu fundi wako. Ni ya Omari Hamduni. Yatunze."

Mwanaupe alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuja kukikumbuka kicheko hicho kwa aibu.

Hata hivyo jina lile halikuwa na uzito mmoja kwa wote wawili. Wa Bunda alilirithi kwa babu yake, Mwarabu aliyekuja kununua pamba. Wa Musoma alilipata kwa baba yake, kijana wa Kibara aliyeitwa Mniko, ambaye alimbebea Mwarabu huyo marobota. Mniko aliposilimu akaitwa Nassibu, na kwa kuwa baba yake mzazi hakuwa Mwislamu, tajiri akasema aandikwe bin Hamduni. Hakuwa peke yake. Njia ya kwenda Kibara kulikuwa na kisima kilichoitwa Kwa Hamduni, na wakazi wanne au watano wa pale walijiita hivyo hivyo, wala hakuna hata mmoja aliyezaliwa na Hamduni. Wajukuu wa damu waliwaita Hamduni wa kubandika. Walisema ni utani. Mzee Nassibu aliumia nao mpaka anaingia kaburini.

Mgambo walikuja Jumatatu asubuhi, wakiongozwa na mpelelezi aitwaye Mseti, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Hawakupata tabu. Walivuta makasha, wakakata kamba, zikatoka doti za khanga, sabuni za miche na betri, vyote vya ng'ambo ya mpaka.

"Jina lako?" Mseti aliuliza.

"Omari Hamduni," fundi alijibu.

Mseti alisoma kasha, akamtazama fundi, akasoma tena. Hakuwa na swali jingine; fundi akachukuliwa kituoni.

Mwanaupe alikwenda kituoni siku hiyo hiyo kueleza habari za wajina. Mseti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mumewe alishawaambia hayo, wamepeleka ujumbe Bunda na wamejibiwa kwamba mtu wa jina hilo hayuko. "Mama, mimi nina kasha na nina jina. Kama yupo mwingine, niletee aseme. Au niletee kitu cha kuonyesha kwamba mumeo siye. Alhamisi faili linaondoka kwenda mahakama maalumu, na likishaondoka hapa mimi sina la kufanya tena."

Ilikuwa imebaki siku tatu. Mwanaupe alimwacha binti yake Siwema kwa jirani. Petroli ilikuwa ya kubembeleza, kwa hiyo Mwanaupe alisafiri juu ya lori la pamba, vumbi likamjaa mpaka masikioni, na akaingia Bunda Jumanne mchana.

Wajina alikuwa amekaa kibarazani kwake. Juu ya mlango, pale palipokuwa na jina la duka, palipakwa chokaa mbichi.

"Karibu, mama," alisema.

Katika miaka yote hakuwahi kumwita mama. Mwanaupe alieleza shida yake hata hivyo, amesimama, maana kiti hakupewa. Mwenyeji alimwacha amalize, akaingia ndani, akatoka na karatasi yenye muhuri wa hakimu.

"Mimi ni Omari Salum," alisema. "Hamduni lilikuwa la babu. Siku hizi ukilitaja unaonekana mlanguzi hata kama unauza chumvi. Sisi wote wa hapa tumeliacha, tumekula kiapo."

"Na makasha, shemeji?"

"Kwani yameandikwaje?"

"Yameandikwa jina lako."

"Jina langu nimekuonyesha." Aliikunja karatasi taratibu. "Ninyi mlilitaka sana, mama. Baba mkwe wako alikuwaga analitamka kama shahada. Haya, sasa ni lenu."

Mwanaupe alitamani amtemee mate. Alijikaza, kwa sababu mtu anayeomba hatemi, akashuka ngazi bila kuaga. Akiwa barabarani ndipo alipolia, kwa hasira kuliko huzuni, na katikati ya kilio hicho akapata wazo. Kama mwenye jina kalivua kwa karatasi, kwa nini aliyebandikwa asilivue?

Alilala kwa jamaa, na kesho yake akapata gari mpaka Kiabakari, kutoka hapo akatembea kwenda Butiama. Huko Thadeo, binamu wa mumewe, mtoto wa ndugu wa Mniko aliyebaki Mkristo, alikuwa akifundisha shule ya msingi. Thadeo alimpa maji, akamsikiliza, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Shemeji, sisi kwetu hatukuwaga na Hamduni hata mmoja," alisema. "Ni Omari wa Mniko huyo. Kibara nzima inajua."

Akaandika barua safi, kwa mwandiko wa mwalimu: kwamba Omari fundi ni mtoto wa Mniko wa Kibara, na jina lililo kwenye makasha si la ukoo wake. Mwalimu mkuu akagonga muhuri. Mwanaupe aliipachika kifuani, na njia nzima ya kurudi Musoma aliigusa kila mara kuona kama bado ipo.

Alhamisi asubuhi aliruhusiwa kumwona mumewe kwa dakika chache. Omari alikuwa amekonda kwa siku tatu tu. Mwanaupe alimweleza ya Bunda.

"Wameliacha wote?"

"Wote. Na wewe liache, baba Siwema. Barua hii hapa. Utasema Omari Mniko, tutarudi nyumbani."

"Usimpe hiyo barua."

"Una wazimu?"

"Miaka hamsini walimwambia baba kwamba siku ya shida atalitupa, kwa sababu si lake. Leo ndiyo siku ya shida, na wao ndio waliotupa. Mimi nitaungana nao?"

"Mzee Nassibu amekufa," Mwanaupe alisema. "Siwema hajafa. Anakula nini?"

Mwanaupe akatoka, akaenda moja kwa moja hadi mezani kwa Mseti, akaiweka barua pale. Hakuona kama amemsaliti mtu. Alimtaka mume wake nyumbani, nukta.

Mseti aliisoma. Uso wake ulilegea kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akaagiza fundi aletwe.

"Omari," alisema kwa upole, "hapa pameandikwa baba yako ni Mniko. Ukikubali, naandika kwamba makasha hayana mwenyewe. Nakuuliza. Baba yako ni nani?"

Mwanaupe alimkazia macho mumewe. Kama macho yangeweza kumsemea mtu, angemsemea.

"Nassibu bin Hamduni," Omari alisema.

"Fikiri vizuri. Ni miaka hiyo, si siku."

"Nimefikiri, afande. Makasha si yangu, nayakana. Jina ni langu."

Mseti aliuliza mara ya tatu, akajibiwa vile vile. Akashusha pumzi, akaandika, Omari akatia sahihi kwa herufi kubwa, polepole, neno zima bila kufupisha. Kisha akarudishwa ndani. Hakugeuka, na Mwanaupe alishukuru, kwa sababu wakati ule alikuwa akimchukia.

"Na wewe, mama, nahitaji maelezo yako," Mseti alisema na kuchukua karatasi nyingine. "Barua uliileta wewe. Ukisimama nayo, hakimu anaweza kukuamini wewe kuliko yeye. Ataonekana mwongo, lakini huenda akatoka. Haya. Wewe ni mke wa nani?"

Mwanaupe aliitazama barua ya Thadeo, muhuri wake wa zambarau, mistari iliyonyooka. Alimfikiria Siwema. Alikifikiria kile kibaraza cha Bunda na mtu aliyekaa juu yake, ameshiba, hana jina. Akajua kwamba akisema lile neno moja, Mniko, mume atakayemrudia nyumbani atakuwa mtu mwingine, na aliyemvunja atakuwa ni yeye, mkewe.

Aliichukua barua, akaikunja, akairudisha kifuani.

"Wa Omari Hamduni," alisema.

"Wa hapa au wa Bunda?"

"Wa Bunda hayupo tena, afande," alisema. "Amebaki huyu mmoja."