Shingo ya Mkamwana

Hapa Malindi yetu ya milimani shingo ikikaza huendi zahanati, unakwenda kwa Elizabeti. Wanawake wanaobeba matenga ya kabichi kichwani wote wamepita mikononi mwake. Mafuta kidogo, anakanda, anakamata kidevu na kisogo, kisha anakizungusha kichwa ghafla, ka! "Imeingia," husema. Na maringo aliyokuwa nayo kwa kazi hiyo, wee acha tu.

Basi Glory, mke wa mwanawe Alen, akateleza njiani na tenga lake. Hakuanguka, ila shingo ilishtuka na maumivu yakampanda mpaka nyuma ya sikio.

"Mama, niache nipumzike tu," aliomba.

"Kaa hapa! Wewe ndiye wa kunifundisha kazi?"

Alen alikuwa shambani. Elizabeti akaizungusha shingo, haikulia. Akarudia kwa nguvu zaidi, Glory akapiga ukelele.

Asubuhi kikombe kilimponyoka Glory. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia umelegea, na maneno hayatoki. Elizabeti akashikilia kuwa ni upepo mbaya, yeye na wanawake wa usharika wakamwombea hadi jua la utosi. Alen alipochoka kungoja akakodi gari.

Hospitalini, baada ya vipimo, daktari akawaeleza. "Mshipa mkubwa wa damu shingoni umechanika kwa ndani. Damu ikaganda pale, kipande kikapanda kwenye ubongo. Hiki ni kiharusi. Je, aliumia? Kuna mtu aliyemkanda shingo?"

"Ni tenga la kabichi, daktari," Elizabeti akawahi. "Aliteleza."

"Hata hilo laweza kuchana mshipa," daktari akasema.

Glory alikuwa macho pale kitandani. Alimtazama mama mkwe wake, midomo ikacheza, sauti haikuja. Elizabeti akashukuru moyoni, na papo hapo akajichukia.

Tangu hapo alimuuguza mkamwana wake kama yai. Alimlisha uji, alimwogesha, alimgeuza. Kila jioni aliomba mbele ya wote, "Bwana, mponye," na kimyakimya akaongeza, ila ulimi wake usubiri kidogo.

Siku waliyorudi kliniki daktari alitabasamu. "Ameanza kutamka. Mazungumzo yatarudi, polepole."

"Bwana asifiwe!" Alen akapaza sauti, machozi yakimtoka. Wanawake wa usharika waliowasindikiza wakaitikia, "Amina!"

Wakageuka wamtazame Elizabeti. Alifungua mdomo aseme Amina pamoja nao, akashindwa.