Mwana wa Maneno

Jumapili moja, saa ya chakula cha mchana, mama alikuwa jikoni akipakua wali kwenye sahani tatu: ya mumewe, ya mwanawe na yake. Sufuria alikwisha kuikwangua. Ndipo akasikia hodi, akatoka na mwiko mkononi, akamkuta mlangoni kijana aliyevaa suti ya kijivu na tai, kofia ngumu ya manjano kaibana kwapani, na uso wa mwanawe.

Haukuwa uso wa kufanana tu. Ulikuwa ule ule, pamoja na kovu la juu ya jicho ambalo mwanawe alilipata utotoni alipoporomoka kwenye ngazi. Tatizo ni kwamba mwanawe alikuwa ndani, mezani, amevaa fulana, anangoja chakula.

"Shikamoo, mama," kijana alisema. "Mimi ndiye injinia."

Mama alimtazama kuanzia viatu hadi utosi. La kwanza lililomjia akilini ni kwamba wali umekwisha.

"Marahaba. Ungetuma hata salamu kwamba unakuja," alisema. "Haya, ingia. Viatu acha hapo, nimepiga deki."

Hakuwa na haja ya kuuliza mgeni katoka wapi. Alikuwa ametoka kinywani mwa mumewe.

Mumewe aliitwa Meneja. Hakuwahi kuwa meneja wa chochote. Alifanya kazi kwenye karakana ya milango na madirisha, akipita nyumba za watu na futi yake kupima fremu, na jina hilo alipachikwa na maseremala kwa utani. Yeye alilipokea kwa moyo wote, akalivalia koti. Na katika kila nyumba aliyopima mlango aliacha habari za mwanawe wa pekee, injinia wa madaraja, aliyeko ng'ambo. Mwanzoni injinia alikuwa na daraja moja. Baadaye yakawa mengi, mengine ya treni. Kisha akapata tuzo, akapata nyumba ya ghorofa, akawa hata simu hana muda wa kupiga kwa jinsi wazungu wanavyomgombania. Mama alizisikia habari hizo mpaka zikamtoka puani.

Mwana mwenyewe alikuwa kinyozi. Alikuwa na kibanda karibu na stendi ya mabasi, viti viwili na kioo kirefu, na mkono mwepesi ambao watu walikuwa tayari kuupangia foleni. Meneja akipita mitaa ile alivuka upande wa pili wa barabara.

Sasa injinia alipoingia sebuleni, Meneja aliinuka akafungua mikono.

"Umefika, mwanangu! Barabara ilikuwaje?"

"Nzuri, baba. Niliijenga mwenyewe."

"Unasikia?" Meneja alimgeukia mkewe. "Unasikia huyu?"

Kinyozi alimtazama mgeni, akasogeza kiti chake kumpisha. Mama aligawa sahani yake nusu kwa nusu, kisha akaona injinia anakula kwa kasi ya kutisha, akampa na nusu iliyobaki. Meneja alikuwa na mazoea ya kuwaambia watu kwamba huko ng'ambo mwanawe anakula vizuri.

Injinia alikaa. Hakuwa mgeni mbaya. Aliamkia, alishukuru, alikunja shuka lake. Ila asubuhi alisimama katikati ya sebule na kofia yake, kimya, mpaka mama aliyekuwa akikata vitambaa vya sare za shule akalazimika kumzunguka kama nguzo. Ilikuwa hivi: Meneja, kwa miaka yote aliyomsimulia, hakuwahi kusema injinia hufanya nini akiamka.

"Huna kazi ya kwenda?" mama aliuliza.

"Ninayo kubwa sana, mama."

"Kazi gani?"

"Kubwa sana," injinia alirudia, kwa adabu, kwa kuwa hakuwa na zaidi.

Siku chache baadaye jirani, nesi mstaafu, alikuja kuchukua gauni alilopeleka kupunguzwa, akamkuta Meneja kibarazani. Akauliza, kwa nia njema kabisa, kama kijana alikuja kwa basi.

"Basi?" Meneja alicheka. "Ana gari jeupe, kubwa kama chumba!"

Honi ilisikika kabla hajafunga mdomo. Gari lilisimama likaziba geti lote. Kuanzia siku hiyo marobota ya vitambaa yalipitishwa juu ya boneti, na wateja wa mama, wengine wazee, walipita ubavuubavu wakifuta vumbi kwa nguo zao.

"Hebu ufunge huo mdomo!" mama alifoka kutoka dirishani. "Kila ukiufungua naletewa kitu!"

"Na mke anaye?" nesi aliuliza.

Mama alitoka mbio na gauni, likiwa bado na pini, akamwekea mikononi. "Jirani, nakuomba. Usimuulize. Mimi ndiye ninayepika."

Yaliyomkera kinyozi yalikuwa mengine. Gari halikumshughulisha, wala kulala chumba kimoja na mtu mwenye uso wake. Alipomaliza kidato cha nne alipata nafasi chuo cha ufundi, umeme wa majumbani, na alikuwa amekwisha kununua sanduku. Meneja akamwambia aachane nayo. Alikuwa amezungumza na mkubwa mmoja, rafiki yake wa karibu, na mkubwa huyo alikuwa anamfanyia mpango wa chuo kikuu ng'ambo. Mama alimshonea shati la safari kwa mkono wake. Kijana alilipiga pasi, akakaa kibarazani kumngoja mkubwa. Aliendelea kulipiga pasi hadi mikono ya shati ikaishia kwenye viwiko, na nafasi ya chuo ikawa ya mtu mwingine. Basi siku moja aliondoka kibarazani akaenda kufagia nywele kwenye kibanda cha watu.

Jioni ya siku ile gari lilipofika, wakiwa mezani wote wanne, kinyozi aliweka kijiko chini.

"Kaka," alimwambia injinia, "ulisoma wapi?"

"Ng'ambo. Mkubwa mmoja alinifanyia mpango. Rafiki wa baba."

"Huyo mkubwa ulimwona?"

"Mwacheni mtoto ale," Meneja alisema.

Lakini injinia alikwisha kuanza kufikiri. Hakuweza kudanganya, hakupewa cha kudanganyia.

"Nilifika ofisini kwake," alisema polepole. "Kuna mlango mzuri sana, mbao nzito, kitasa cha shaba. Ndani kuna meza. Nyuma ya meza kuna kiti."

"Na kwenye kiti?"

"Hakuna mtu." Alijitahidi kukumbuka, akakunja uso, na kovu la juu ya jicho likajikunja pia. "Sidhani kama aliwahi kuwekwa mtu."

Mama alielewa. Mlango ulikuwa kamili mpaka kitasa. Milango peke yake ndiyo mumewe aliyoijua vizuri.

"Baba?" kinyozi alisema.

"Alikuwa safarini."

"Miaka yote?"

"Wakubwa husafiri. Wewe utajuaje mambo ya wakubwa, unashinda na mashine ya kunyolea?"

"Nilikuwa na nafasi, baba. Uliniambia niiache."

"Nilikuwa nakutakia makubwa!"

"Ungenitakia kidogo. Kidogo nilikuwa nacho mkononi."

Meneja alipiga meza mpaka glasi zikaruka. Hakuwa amekasirika tu. Alikuwa na uso wa mtu anayeonewa mchana kweupe. Alimshika injinia bega, akamtikisa mbele ya kinyozi.

"Na si yametokea? Si huyu hapa? Niliwaambia injinia, injinia huyu hapa, anakula! Mnataka nini tena kwangu?"

Injinia, aliyekuwa akitikiswa, aliendelea kutafuna.

"Sema samahani," mama alisema. "Neno moja. Wewe mwenye maneno mengi hivi."

"Samahani ya nini?"

Alimngoja. Katika ndoa yao alikuwa amemngojea mambo mengi, na hili lilikuwa dogo kuliko yote. Aliwaza kwamba akilisema hata bila kulimaanisha huenda likaja lenyewe, kama lilivyokuja gari, likasimama hapo katikati ya nyumba ambapo wote wangeliona. Meneja alivuta sahani yake. Akauliza kama kuna chumvi.

Asubuhi kinyozi alikunja nguo zake. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na chumba kidogo alichokuwa akiwekea maji.

"Nahama, mama. Nyumba imejaa."

"Aondoke yeye! Amekuja juzi tu."

"Aende wapi?" Kinyozi alifunga begi kwa goti. "Yeye kosa lake nini? Hakujileta."

Mama alitaka kupiga kelele lakini hakujua ampigie nani. Huyu alikuwa na haki, yule alikuwa na adabu, na yule wa tatu alikuwa nje anakunywa chai. Akamfungia mwanawe chakula, akafungua akaongeza, akafunga tena.

Godoro lilikuwa pana. Kinyozi alilifikisha mlangoni likamshinda, likajikunja likamwangukia. Injinia aliliona, akatua kofia yake, akashika upande wa pili. Meneja alikuwa akisema kila mara kwamba mwanawe, pamoja na usomi wake wote, ana moyo wa kusaidia watu.

"Tangulia, kaka," injinia alisema.

"Angalia ngazi," kinyozi alimwambia.

Waliliinua juu ya boneti, wakapita ubavuubavu mmoja baada ya mwingine, wakatokea barabarani. Walitembea hatua sawa, kwa kuwa miguu yao ilikuwa na urefu mmoja. Nesi mstaafu aliwasalimu, nao wakaitika pamoja.

Meneja alisimama kibarazani na kikombe chake. Machozi yalimlengalenga kwa fahari.

"Mama watoto, njoo uone," aliita. "Njoo umwone mwanangu."

Mama aliacha cherehani, akaja akasimama kando yake, pini bado midomoni. Alizitoa moja moja.

"Yupi?" aliuliza.

Meneja alilitazama godoro likiishilia kona ya stendi, mwanamume mmoja kila upande. Kisha akamgeukia mkewe, akamtaka amweleze swali hilo lina maana gani.