Siku Tatu za Bi Mahbuba

Masouda alianza kusoma fiqhi, ilimu ya sheria za dini, ana miaka thalathini na minane, umri ambao wenzake wanashughulika kuoza wana. Hakuanza kwa ucha Mungu, tusimsingizie. Alianza kwa hasira.

Mumewe, Harub, aliitwa mlangoni Unguja siku chache kabla ya Ramadhani, mwaka ule wa sitini na nne uliowamwaga watu kama maji ya kuoshea samaki. Masouda alikuwa jikoni. Alisikia jina likiitwa kwa upole, kama mtu anaombwa kwenda kushika jeneza, akasikia komeo, basi. Harub hakurudi. Sasa ni sitini na nane, Masouda yuko ng'ambo, Darsait, nyuma ya Matrah karibu na Maskati, katika vyumba viwili vya udongo na mama mkwe wake, Bi Mahbuba, na sahani tatu. Ya tatu ni ya Harub. Kila mchana Bi Mahbuba humpakulia mwanawe wali, akaufunika kawa. Alasiri kuku wa jirani hushukuru.

Thani, fundi cherehani wa Matrah, alikuwa kaleta posa. Mjane, mnene, mtu wa kucheka hata akijidunga sindano. Masouda alimtaka. Kadhi akapeleleza habari za Harub, na Bi Mahbuba akamjibu: "Mwanangu katoka kwa miguu yake. Atarudi."

Kadhi akamwambia Masouda neno moja: "Subiri."

Asubiri mpaka lini? Hapo hapakuwa na wa kumjibu, na mwanamke aliyeshuka melini juzi hapigi kelele mlangoni kwa kadhi. Akaona jibu atalifuata mwenyewe linakokaa, kitabuni.

Kusema rahisi. Shule nchi nzima ukizihesabu kwa mkono mmoja vidole vinabaki, na zote za wavulana. Darsa ya msikitini ya wanaume. Alijaribu kukaa nje chini ya dirisha, anamenya vitunguu kama mtu aliyepumzika. Alipata nusu ya somo la zaka ya ngamia, kisha akamwagiwa maji ya udhu.

"Samahani bibi, sikukuona," alisema aliyemwaga. Alimwona.

Ndipo akamkumbuka Sheikh Yaarub, aliyekaa karibu na kisima. Ujanani aliishi Pemba, na Kiswahili chake mpaka leo kinanuka karafuu. Maradhi ya vikope yalimla macho yote mawili. Wanawe waliokuwa wakimsomea wamekwenda Kuwait kutafuta kazi, na vitabu vyake vinasomwa na mchwa.

"Sheikh," Masouda alimwambia kutoka kizingitini, "mimi nna macho, sina ilimu. Wewe una ilimu, huna macho. Hatuwezi kupika chungu kimoja?"

Sheikh akacheka. "Kiarabu unakisoma?"

"Msahafu nausoma. Maana ndiyo sina."

"Maana ninayo mimi. Lakini mimi na wewe peke yetu haijuzu. Njoo na mtu wa tatu."

Mtu wa tatu alikuwa nani tena? Masouda hakuwa na mwengine.

"Nitakuja," alisema Bi Mahbuba. "Nikibaki nitazungumza na kuku?"

Basi wakawa wanakwenda kila baada ya alasiri. Masouda alitaka aufungue mlango wa ndoa siku ya kwanza. Sheikh akagoma. Kitabu kina mwanzo, na mwanzo ni maji. Maji ya kisima, maji aliyoyanywa paka, maji aliyoangukia panya. Na huyo panya, je, kavimba au hakuvimba? Masouda akikosea irabu, Sheikh hupiga fimbo chini: "Umeiua! Rudi!" Bi Mahbuba huegemea ukuta, tasbihi mkononi, anakoroma.

"Miezi mitatu mnaoga tu," alisema siku moja, macho kayafumba. "Hamjatakata?"

Ajabu ni kwamba Masouda alianza kunogewa. Alijikuta kisimani kashika ndoo, anabishana na kitabu kimoyomoyo. Kitu hicho hakuwahi kumwambia mtu, hata Thani, aliyekuwa akituma salamu kuuliza: Mmefika wapi? Kwenye panya, alijibiwa.

Walifika kwa mume aliyepotea mwisho wa joto. Masouda alisoma, jasho linamtoka, pasipo kuua irabu hata moja.

"Umefahamu?" Sheikh aliuliza.

"Nifahamishe."

"Wako wawili. Wa kwanza ametoka kwa hiari yake, habari zikakatika. Huyo ni ghaibu. Mkewe humngoja mpaka rika lake lote liishe. Wengine wamesema mpaka atimize miaka mia na ishirini."

"Harub ana arubaini na mbili," alisema Masouda. "Nitavaa koja la jasmini juu ya sanda."

Sheikh hakucheka. "Wa pili kapotea katika hatari. Vita, moto, chombo kimezama, au kachukuliwa na maadui. Huyo ni mafkudi. Mkewe hungoja miaka minne, kisha kadhi humhukumu kuwa amekufa, mke akakaa eda, akawa huru. Sasa niambie. Mumeo alitoka au alitolewa?"

Masouda akafungua kinywa. Jina likiitwa kwa upole. Komeo. Angeweza kusema uongo, na uongo wenyewe ulikuwa na sura ya kweli. "Sikuona," alisema. "Nilikuwa jikoni."

"Aliyeona nani?"

Chumbani kulikuwa kimya, na kimya kile Masouda alikitambua polepole: hakuna anayekoroma. Bi Mahbuba alikuwa kakaa wima, macho wazi. Miezi yote ile hakupitwa na neno, panya na paka na maji yote kayasikia.

Kesho yake asubuhi Bi Mahbuba akajifunga buibui. "Twende kwa kadhi," alisema. "Kabla sijajuta."

Sheikh akafuatana nao mpaka Maskati, kashikwa mkono na Masouda kupitia kanga iliyokunjwa, maana sheria ni sheria. Kadhi akauliza kama kitabu kinavyouliza: "Mama, mwanao alitoka au alitolewa?"

"Alitoka," alisema Bi Mahbuba. "Komeo kafungua mwenyewe. Makubadhi kavaa mwenyewe."

Masouda akainamisha kichwa. Akilini akamwona Thani anakunja posa yake kama kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Mimi nilikuwa dirishani juu," Bi Mahbuba aliendelea. "Alipofika pembeni ya njia, kamba hakujifunga mwenyewe."

Kadhi hakutaka zaidi; akamhukumu Harub kuwa amekufa, eda ianze siku hiyo. Habari za mwaka ule alikuwa nazo kama kila mtu.

Mchana Bi Mahbuba alitoa sahani mbili. Kuku wakaja, wakasimama mlangoni, wakaondoka. Masouda, aliye huru sasa, au atakayekuwa, alirudisha tonge sahanini. Miaka minne alikuwa na hasira na Harub kwa kutorudi. Kamba hakuwahi kuifikiria.

"Kitabu Sheikh kakuazima?" aliuliza Bi Mahbuba.

"Kanipa. Kasema mambo ya eda niyasome kwa macho yangu."

"Soma eda."

"Mke, miezi minne na siku kumi."

"Na mama?"

Masouda akapitisha kidole mstarini, akatamani asingejua kusoma. "Mwanamke asimkalie maiti matanga zaidi ya siku tatu. Ila mumewe."

"Siku tatu." Bi Mahbuba akaipangusa sahani ya tatu, safi vile vile, kwa upindo wa kanga. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumbo langu hili, dirisha lile nililolinyamazia miaka minne, napewa siku tatu. Na wewe mwenye Thani wako una miezi minne."

"Mama..."

"Na siku kumi! Za nini? Nipe mie."

Masouda akafunua kurasa, mbele na nyuma, akitafuta kama mtu huweza kumpa mwenziwe siku za eda yake. Alitafuta kwa kweli, kama alivyofundishwa, mlango kwa mlango, mpaka herufi zikaanza kuogelea.

"Hamna, mama."

"Basi anza mwanzo," alisema Bi Mahbuba, akaegemea ukuta. Hakufumba macho. "Pengine jibu limo kwenye maji."

Masouda akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma.