Watoto wa Jumbe

Bazilio wa Nyakitonto alikuwa na mbuzi sitini na wawili, na mwaka ule wa 1975 aliona zizi linamfia mikononi. Watoto wa mbuzi walizaliwa na taya fupi la chini, wakashindwa kunyonya. Masika moja alizika kumi na wanne.

Alipochoka kuzika, alimfuata jirani yake Harerimana kisimani, mbele ya watu. Harerimana alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi miaka mitatu nyuma.

"Umeniroga! Kabla hujaja, mbuzi wangu walinyonya."

"Mzee Bazilio," Harerimana akatua ndoo, "kwanza nionyeshe zizi. Kisha nishitaki."

Wakaenda.

"Madume wangapi?"

"Tisa. Na damu nimechanganya, mimi si mjinga. Huyu nimemtoa Kitahana, yule Kabanga."

"Na hili jitu?"

"Jumbe. Kazaliwa hapa hapa, nimemlea kwa mkono."

Dume wa Kitahana akamsogelea jike. Jumbe akaja mbio, akampiga pembe za ubavu, akambwaga kwenye samadi.

"Sasa tazama watoto. Usoni."

Bazilio akatazama. Kila mtoto alikuwa na baka jeupe kwenye paji. Mama zao pia, karibu wote. Baka la Jumbe.

"Wale wanane wamekuja kula majani tu," Harerimana akasema. "Baba ni mmoja, na sasa anazaa na binti zake na wajukuu zake. Unahesabu sitini na wawili, lakini kwa uzazi una zizi la mtu mwenye mbuzi wanne."

Maximilla, mke wa Bazilio, akacheka mlangoni. "Nilisema huyo mlafi. Ukanijibu ndiyo udume!"

Bazilio hakula nyama ya Jumbe; hakuweza. Lakini alimchinja. Harerimana akamsaidia kujenga vizizi vya miti, kila dume na majike wake, ili asiwepo wa kuwafukuza wenzake.

Mvua ziliporudi akazaliwa mtoto mwekundu, hana baka. Akayumba, akasimama, akashika chuchu. Bazilio alichuchumaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi.

Asubuhi akamvuta kwa kamba yule jike na mwanawe hadi kisimani, watu wakiwa kwenye foleni.

"Nilimwita Harerimana mchawi hapa hapa," akasema kwa sauti. "Nilisema upumbavu. Mbuzi wangu wako hai kwa ajili yake."

Akamkabidhi Harerimana kamba, akamshukuru kwa Kirundi chake kibovu: "Urakoze, ndugu yangu."

"Mtoto ni dume," Harerimana akasema, akimpapasa. "Usije ukamwita Jumbe."