Kura Moja ya Sietske

Jeltje hakupata usingizi. Mkono wake, uliokamua ng'ombe miaka arobaini bila kosa, ulikuwa umefanya jambo, na asubuhi hii matokeo yangebandikwa mlangoni pa shule ya kijiji.

Siku ya uchaguzi binti yake Sietske, mwenye digrii tatu, alikuwa safarini. Alimwachia mama kadi yake ya mpiga kura iliyotiwa saini, ampigie kura, kama sheria ya kwao inavyoruhusu.

"Chama cha Wasomi, mama, usisahau. Utafiti wangu unaonyesha watu wa darasa la sita kama nyinyi mnapigia Chama cha Mashamba, wenye digrii wanapigia Wasomi. Elimu ndiyo inayoshika penseli."

"Mimi nishike nini basi, mkoba wake?"

Maneno ya binti yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ndani ya kibanda cha kura, penseli nyekundu ikajaza duara la Mashamba mara mbili, kwenye karatasi yake na ya binti.

Sasa hofu ilimla. Hapo kijijini Wasomi hupata kura moja tu kila uchaguzi, na Sietske hujisifu kuwa ni yake. Leo wangepata sifuri. Sietske si wa kusamehe. Alimnunia shangazi yake miaka tisa kwa ajili ya kabati. Na mjukuu angeletwa na nani kila Jumatano?

Walikwenda watatu, yeye, Sietske na mumewe, mzee Wobbe.

"Mama, unatetemeka."

"Upepo."

"Hakuna upepo."

"Basi uzee."

Kidole cha Sietske kikashuka kwenye karatasi. Jeltje akafumba macho.

"Moja," Sietske akasema, kwa sauti ndogo. "Asante, mama."

Jeltje akafumbua macho. Moja imetoka wapi? Pembeni Wobbe, aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na moja, alikuwa akifuta miwani iliyokwisha kung'aa, masikio yamemwiva kwa haya.

"Wewe, mzee?" Jeltje akamnong'oneza. "Tangu lini?"

"Miaka kumi na sita. Nyamaza."

Miaka kumi na sita, na kila mara kura moja tu. Basi kura ya msomi wao ilikuwa ikienda wapi?

Akamgeukia binti. Sietske alikuwa ameganda mbele ya mlango, amepauka, kama mtu anayeomba asiulizwe. Jeltje naye akaomba vivyo hivyo.

"Twendeni tukanywe kahawa," Wobbe akasema, "kabla mtu hajaanza kuhesabu."