Zamu ya Kuumwa Magoti

Tangu Daktari Githae aingie kwenye utafiti, kliniki yetu ya Kimbo haikaliki. Mimi ni nesi wake, na sikuajiriwa kuishi na mtu anayejitambulisha kwa muuza chapati kama Mtafiti Mkuu. Lakini nilimhurumia. Alitaka kuona jina lake kwenye jarida la madaktari, hata mara moja tu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Wagonjwa wa magoti, wote akina mama, nusu wangemeza dawa mpya, nusu tembe zisizo na kitu. Chupa zilifanana, na hata sisi hatukujua ipi ni ipi. Akina mama waliambiwa hayo yote, wakakubali.

Wakakubali, wakatoka nje, wakafanya mkutano. Cucu Wamboi, bibi mzee aliye mwenyekiti wa chama chao cha kuchangiana kule Gatongora, hakuona haki wengine wale dawa na wengine unga. Wakamwaga chupa zote kwenye karai, wakakoroga, wakagawana sawasawa.

Baada ya miezi michache wote wakasema wamepona, na siri ya karai ikatoka. Githae akashika kichwa.

"Cucu, mmenimaliza! Nilitaka kuona kama wengine watapona na wengine wabaki wakiumwa. Mkubwa wangu anakuja Ijumaa. Akipata hivi, utafiti ananinyang'anya!"

"Ngai! Si ungesema mapema?" Cucu akamwambia. "Unataka wangapi waumwe?"

"Nusu ingetosha," Githae akajibu kwa hasira tu, masikini.

Chama kikapiga kura, vile vile wanavyopangiana zamu ya kupokea mchango. Nusu waumwe mwezi huu, nusu mwezi ujao.

Ijumaa mkubwa, Daktari Mwangangi, alikuta maajabu. Walioangukiwa na zamu walichechemea na kulia wakiita majina ya watakatifu. Mmoja alibebwa. Wengine walitembea ukumbini wakitabasamu, Cucu Wamboi akiwaongoza, kifua mbele.

"Tofauti iko wazi kabisa!" Mwangangi akasema. "Githae, hii tunaichapisha."

Githae alinitazama. Nilingoja aseme ukweli. Akasema, "Asante, sir." Nilimkasirikia.

Mwangangi akatoka kwenda kwenye gari. Akina mama wakaondoka wakicheka, hata aliyebebwa. Cucu alibaki kwenye benchi.

"Cucu, si uende nyumbani?" nikamwuliza.

"Siwezi kuinuka, sista. Haya magoti hayajawahi kupoa hata siku moja."

Githae akageuka. "Lakini umesema umepona! Na leo umetembea!"

"Zamu yangu ni mwezi ujao, daki," akasema, machozi yakimlenga. "Sikutaka kukuharibia."

Githae akachuchumaa, akamfunua leso magotini, akayashika magoti yale yaliyovimba. Hakuandika chochote. Kisha akatoka mbio na koti lake jeupe, akipiga kelele gari lisimame.