Marehemu Mwenye Umri wa Kufanya Kazi

Mvua ilikuwa imekatika kidogo asubuhi hiyo ya Jumanne. Nalianya alisimama mbele ya mlango wa mabati wa Wamaitha akikwangua viatu kwa kijiti. Udongo mweusi wa Kitengela hauna adabu. Humshika afisa wa serikali mguu vile vile unavyomshika mbuzi. Alikuwa amevaa fulana ya kijani iliyoandikwa mgongoni FAMILIA IJISIMAMIE. Maneno hayo aliyatunga mwenyewe kwenye semina huko Naivasha, ambako alitandikiwa kitanda, akapakuliwa chakula na kubebewa mkoba hadi garini.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza. Ofisi ya huduma za jamii ilikuwa imebadilisha utaratibu. Zamani familia isiyojiweza ilisaidiwa kila mwezi mpaka msaada wenyewe ukachoka. Sasa mjane anayelea watoto peke yake angebaki kwenye msaada, lakini nyumba yoyote yenye mtu mzima wa pili, mwenye umri wa kufanya kazi, ingetolewa. Mtu huyo angefundishwa ujuzi na familia ijisimamie. Nalianya aliupenda utaratibu huo na alikuwa ameutetea redioni. Ili awe mfano, alipanda sukuma wiki kwenye magunia huko kwake, ghorofa ya tatu, barazani. Zilikauka zote. Mkewe Caren sasa alinunua sukuma kwa mama wa kibanda ambaye Nalianya ndiye aliyemfundisha kupanda kwenye magunia.

Kilichomleta kwa Wamaitha, mama yake Shiro, ni simu ya mzee Lemein, mwenyekiti wa kamati ya mtaa.

"Sopa, Nalianya," mzee alimsalimu Kimaasai.

"Ipa, mzee."

"Ule mama wa plot ya mwisho, Mama Shiro, majirani wanalalamika. Anakula msaada ya wajane na ako na bwana kwa nyumba."

"Bwana yake alikufa, mzee."

"Najua. Nilikuwa kwa mazishi. Lakini ako naye."

Kwa hiyo Nalianya alipiga hodi, akakaribishwa aingie na matope yake. Wamaitha alikuwa ameketi kwenye stuli akimenya viazi. Kwenye kiti cha karibu na dirisha alikuwa ameketi mumewe, Bedan, aliyekufa mwaka uliotangulia.

Nalianya alimtambua mara moja. Bedan alikuwa fundi wa mawe. Mbao za jukwaa zilikatika kwenye jengo moja la ghorofa, akaanguka. Familia haikuwa na shamba la kumzikia, na Nalianya ndiye aliyewaandikia barua ya kuombea nafasi kwenye makaburi ya umma. Marehemu alivaa suti ile ile ya kahawia aliyozikwa nayo. Magotini ilikuwa na udongo.

"Habari yako, Bedan."

"Mzuri, afisa. Pole na matope."

"Ulianza kuja lini?"

"Mwezi umeisha. Nakuja asubuhi, narudi kabla giza iingie. Huko hawapendi mtu akichelewa."

"Alikuwa ananisumbua kwa ndoto," alisema Wamaitha, kisu kikizunguka kiazi. "Nikamwambia, Baba Shiro, kama ni kuja, kuja mchana kama watu."

Nalianya alipewa chai. Bedan naye alipewa kikombe, si cha kunywa bali cha kushika, apate joto. Kikombe ndicho kitu kizito zaidi alichoweza kuinua. Kilichozidi hapo kilimponyoka mikononi kama kambare.

"Sasa akiwa hapa anasaidia na nini?" aliuliza Nalianya, maana hilo ni swali lililomo kwenye mwongozo.

Wamaitha alifikiri. "Wasichana wakitoka shule anawaangalia hesabu. Bati ikivuja ananionyesha ni wapi. Na anapiga stori. Hii nyumba ilikuwa imenyamaza sana, afisa. Ilikuwa imenyamaza hadi nikawa naweka redio na sisikizi."

Mtu mwingine angemaliza chai na kwenda zake. Bahati mbaya Nalianya alikuwa mwaminifu kazini, na kuna wakati mwizi angewafaa watu zaidi. Alitoa kishikwambi chake, akajaza ukweli mtupu: mtu mzima wa pili yupo, mwanamume, miaka thelathini na minane, anaonekana mchana. Aliporudi ofisini alijisifu kwamba hakuandika neno hata moja la uongo. Kabla ya wiki kwisha, jina la Wamaitha likatolewa kwenye msaada.

Alikwenda kumpa habari hiyo mwenyewe. Alimweleza kwamba huo haukuwa mwisho bali mwanzo, kwamba Bedan angepelekwa kozi, apate cheti, aajiriwe. Alisema kwa sauti ya redioni. Wamaitha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na mpaka aajiriwe, wasichana watakula nini?"

Nalianya alisema kwamba hilo lilikuwa swali zuri. Huko Naivasha walifundishwa kujibu hivyo.

Bedan alipelekwa kwenye kozi ya ujenzi, kwenye ukumbi wa vijana. Mkufunzi aliitwa Ouma, kijana mpole aliyetoka chuoni karibuni. Wanafunzi wengine walimpisha marehemu kwenye benchi bila maneno, isipokuwa mmoja aliyeomba dirisha lifungwe kwa sababu upande ule ulikuwa na baridi. Bedan alijua mawe kuliko Ouma. Alijua jiwe la kuchongwa kwa mkono na la mashine kwa kuliangalia tu, na alijua ukuta utakaopasuka kabla haujapasuka. Lakini kila alipopewa mwiko, mwiko ulipita katikati ya vidole na kuanguka sakafuni, kla! Mwishoni mwa kozi mkufunzi aliandika kwamba mwanafunzi huyu ana ari na haleti fujo darasani.

Bedan alipopata cheti, Nalianya alimpeleka kwa msimamizi wa jengo moja lililokuwa likiinuka kando ya barabara ya Namanga. Msimamizi, Munguti, alimtazama Bedan juu hadi chini, akaona udongo wa magotini, akaridhika kwamba ni mtu wa kazi.

"Leta kitambulisho."

Hakuwa nacho. Wamaitha alikirudisha serikalini alipochukua cheti cha kifo, kama sheria inavyotaka.

"Basi siwezi," alisema Munguti. "Maiti sina shida nayo. Shida ni mtu hana ID. Akianguka hapa nitasema alikuwa nani?"

"Nishaanguka," alisema Bedan. "Siwezi anguka tena."

Munguti alikubali kwamba hiyo ni faida, lakini sheria ni sheria.

Hapo ndipo Nalianya alipoanza kukosa usingizi, jambo alilolisimulia ofisini mara kadhaa akitarajia pole. Hakupata. Aliomba gari la kazi akawachukua mke na mume hadi Kajiado, kwa mkubwa wake, Madam Resian, aliyesimamia mfumo mzima. Walipita Isinya jua likiwa limewaka, ng'ombe wakivuka barabara kwa mapozi yao. Bedan alikuwa ameketi katikati, na mkanda ulikataa kumkaa kifuani. Ulimpita na kujifunga kwenye kiti.

Madam Resian aliwapokea vizuri. Alikuwa mama mwenye subira, na alikuwa amekwisha kusikia kesi ngumu kuliko hiyo. Aliwapa viti wote watatu.

"Huyu ndiye marehemu?"

"Ndiye, Madam," alisema Nalianya.

"Pole sana, baba. Ulikufa ukiwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na nane."

"Basi uko na thelathini na nane. Mfumo unaangalia umri tu. Kutoka kumi na nane mpaka sitini, huyo ni mtu wa kufanya kazi."

"Lakini hawezi kuinua kitu, Madam," alisema Nalianya. "Hata sahani."

"Ana barua ya daktari kwamba ni mlemavu?"

"Daktari aliandika kwamba amekufa."

"Hiyo si ulemavu, Nalianya." Aliwageukia wengine kwa upole. "Tusubiri. Akifika sabini tutamweka kwa ile msaada ya wazee."

"Hatafika," alisema Wamaitha.

Madam Resian aliitafakari hoja hiyo, akaiona ina ukweli. Alipendekeza Bedan afute cheti cha kifo ili apate kitambulisho upya. Angehitaji barua ya chifu na kiapo kwamba yu hai.

Bedan alikuwa ameshika kikombe cha chai ya ofisi kwa mikono miwili. Alikirudisha mezani polepole.

"Madam, kiapo siwezi. Mimi sijafufuka. Niliona tu vile huyu mama anahangaika na wasichana, nikasema nitembee niwaone. Kama kuja kwangu kunawanyima chakula, basi niache kuja. Nikae huko kama wengine."

Wamaitha hakugeuka kumtazama. Alishika ukingo wa leso yake akaukunja, akaukunjua. Nalianya alimwona akijaribu kuchagua, na akatamani awe mahali pengine popote, hata kwenye semina.

"Akiacha kuja," Madam Resian alisema, na sauti yake kweli ilikuwa na huruma, "hapo mfumo utasoma kwamba baba ametelekeza familia. Mama atahitajika ampeleke kortini kwanza, adai matunzo. Korti ikishindwa kumpata, ndiyo tunaangalia tena."

"Si alikuwa amekufa kabla?" aliuliza Wamaitha. "Mbona hamkusema ametelekeza?"

"Hapo alikuwa amekufa tu, mama. Sasa amekufa na anaonekana."

Walishukuru, wakaondoka. Kwenye gari, karibu na Isinya, Wamaitha alimwambia mumewe bila kumtazama, "Wewe utaendelea kukuja. Shiro ako na mtihani ya hesabu." Bedan akasema sawa. Nalianya alijifanya anaangalia twiga, ingawa upande ule hakukuwa na twiga.

Kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa na aibu mikono mitupu, Nalianya aliandaa pendekezo. Kosa la mfumo, alieleza, ni kwamba hauwatambui marehemu. Unawachanganya na watu wazima wa kawaida. Uongezewe swali: Je, katika nyumba hii kuna marehemu anayetembelea? Wakishatambuliwa, wajane wao watalindwa. Alifanya kazi hiyo kwa wiki mbili, na Caren akamsomea na kumrekebishia herufi. Pendekezo lilipokelewa kwa shangwe. Lilipitishwa bila kubadilishwa, ila maneno ya mwisho, yale ya kuwalinda wajane, yaliachwa nje kwa kukosa nafasi.

Maafisa wakaanza kuuliza swali hilo jimbo zima, nao watu wakajibu kwa ukweli. Kumbe marehemu walikuwa wengi. Kule Rombo baba mmoja alikuwa akija kila siku kuhesabu mbuzi wa mjane wake, na huhesabu tu, hawezi kuwafungulia zizi. Kware kulikuwa na mwalimu aliyesahihisha madaftari ya wanawe kwa kidole, bila wino. Laiser Hill alikuwepo mama aliyekaa jikoni kwa bintiye, akimwambia chumvi imezidi. Wote walikuwa na umri wa kufanya kazi. Familia zao zote zilitolewa kwenye msaada kwa mpigo mmoja, na idadi ya familia zinazojitegemea ikapanda hadi wakubwa wakaja kuona kwa macho yao.

Sherehe ilifanyika ukumbini Kajiado. Nalianya alipewa ngao. Bedan alikuwa miongoni mwa marehemu waliokabidhiwa vyeti vya kujitegemea, na kwa kuwa karatasi ni nyepesi kuliko kikombe, alipokea cheti chake vizuri, akapigwa picha. Mgeni wa heshima alimpa mkono, akasema una baridi, baba, uvae sweta. Nalianya alitakiwa kusema machache. Alikuwa amejiandaa kusema kwamba kuna jambo halijakaa sawa. Alisimama, akaona ngao ilivyong'aa, akasema kwamba safari bado ni ndefu. Alipigiwa makofi.

Wiki iliyofuata alitumwa kuhakiki familia ya mfano. Dereva alimpeleka hadi kwenye jengo la Munguti, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu. Wamaitha alikuwa juu, ghorofa ya kwanza, leso imefungwa kiunoni, amebeba jiwe begani. Alikuwa amekonda. Kando yake alitembea Bedan na suti yake ya kahawia, akimwelekeza: hapo weka taratibu, hilo geuza, usikanyage ubao huo, mimi naujua. Wamaitha akaruka ubao. Ukuta waliokuwa wakiujenga ulikuwa umenyooka kuliko kuta zote za jengo lile, na Munguti alikiri hivyo. Alimlipa Wamaitha peke yake, ujira wa kibarua wa kubeba mawe, maana ndiye aliyekuwa na kitambulisho.

"Afisa!" Bedan aliita kutoka juu, akipunga mkono. "Shiro amepita hesabu!"

Nalianya naye alipunga mkono. Kisha, akiwa bado ndani ya gari, akajaza kwamba mume na mke wamepatikana kazini, wana afya inayolingana na hali zao, na kwamba familia hii inajisimamia. Alipomaliza aliona ni uungwana ashuke akawasalimie kwa mkono. Akamwomba dereva azunguke amfungulie mlango, kwa sababu ule wa upande wake hufunguliwa kutoka nje tu.